Sumu Iliyokuwa Ndani ya Seramu: Historia ya Maarifa kuhusu Uoksidishaji wa Poliamini na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ugunduzi mmoja wa biokemia na kuonyesha uzito wake katika kazi ya kuunda istilahi. Kwa muda mrefu spermini, mojawapo ya poliamini, ilielezwa kuwa inaua bakteria na seli za wanyama zinazooteshwa maabarani. Uchunguzi uliofuata ulibaini kuwa mara nyingi muuaji hakuwa spermini yenyewe. Alikuwa mazao ya uoksidishaji wake, na kimeng'enya kilichosababisha uoksidishaji huo kilikuwa kimeingia katika jaribio pamoja na seramu ya ng'ombe iliyotumiwa kulisha seli. Makala yanapitia machapisho ya kati ya mwaka 1952 na 2001, yanaeleza mchango wa maabara za Nairobi zilizochunguza vimelea vya malale na nagana, kisha yanajadili jinsi Kiswahili kinavyopaswa kutaja sumu ya namna hii. Hoja kuu ni kwamba istilahi inayoibebesha dutu sumu ambayo asili yake ni mmenyuko humwelekeza mtafiti, mganga na mshauri wa sera mahali pasipo na tatizo.

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwafikia wakazi wa nyanda za chini za Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo Wajerumani walilitawala wakiwa na kituo chao Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Robert Koch alikuwa amefanya majaribio ya tiba katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Dawa aliyoitegemea ilikuwa kiwanja cha aseniki kilichoitwa Atoxyl, na baadaye dawa hiyohiyo ikatumika katika kambi za wagonjwa zilizowekwa kando ya Ziwa Tanganyika. Jina lake lilijengwa kwa kiambishi cha Kigiriki cha ukanushi na mzizi wenye maana ya sumu. Maana yake ni "isiyo sumu". Dawa ilipewa jina hilo kwa sababu ilidhaniwa kuwa na madhara machache kuliko viwanja vingine vya aseniki. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa dozi kubwa walipofuka, kwa kuwa dawa iliharibu neva za macho.

Kisa hiki kinajulikana kwa wanahistoria wa tiba. Sisi wanaisimu tunakitaja mara chache, ingawa kinatuhusu moja kwa moja: jina lilitoa ahadi ambayo dutu haikuweza kuitimiza. Makala haya yanachunguza kisa cha upande wa pili, ambapo dutu isiyo na hatia ilibebeshwa jina la muuaji. Visa vyote viwili vinakutana katika historia ya malale, na vyote viwili vinauliza swali moja: tunaposema kwamba kitu fulani ni sumu, je, tunataja kitu chenyewe, au tunataja jambo linalotokea kitu hicho kinapokutana na kingine?

Swali hili lina uzito wa pekee leo. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 137, unaagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Burundi ilijiunga mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Nchi zote mbili zina mapokeo ya sayansi kwa Kifaransa. Kamusi zilizotungwa Dar es Salaam, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), zilitungwa hasa kwa kuelekea Kiingereza. Kazi iliyo mbele yetu ni kuunda istilahi ambazo mwanafunzi wa Bujumbura, wa Kampala na wa Zanzibar watazielewa kwa namna moja.

2.0 Poliamini kabla ya kuitwa sumu

Poliamini ni molekuli ndogo zenye vikundi viwili au zaidi vya amini. Zinazojulikana zaidi ni putresini yenye vikundi viwili, spermidini yenye vitatu, na spermini yenye vinne. Katika mazingira ya seli, vikundi hivyo hubeba chaji chanya, hivyo poliamini hushikamana na DNA na RNA zenye chaji hasi. Seli inayokua na kugawanyika haiwezi kufanya hivyo bila poliamini.

Majina yake, hata hivyo, hayakutokana na kazi hizo. Antoni van Leeuwenhoek, katika muongo wa 1670, aliona fuwele zikijitokeza katika shahawa zilizoachwa zikae. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, mwaka 1888, Ladenburg na Abel waliipa dutu hiyo jina la spermini kwa kufuata mahali ilipoonekana kwanza. Muundo wake wa kemia haukubainishwa hadi miaka ya 1920. Naye Ludwig Brieger, aliyechunguza nyama zilizooza katika miaka ya 1880, aliita dutu mbili alizozipata putresini na kadaverini. Jina la kwanza linatoka katika neno la Kilatini la kuoza, na la pili katika neno la maiti. Hivyo kundi la molekuli lisilokosekana katika seli yoyote hai liliingia katika lugha ya sayansi likiwa na harufu ya kaburi. Msomaji aliyelijua kwa majina hayo hakushangaa alipoambiwa baadaye kwamba linaua.

3.0 Kimeng'enya kilichofichika katika seramu

Katika Taasisi ya Rockefeller, New York, James Hirsch na René Dubos walikuwa wakitafuta katika tishu za wanyama vitu vinavyozuia ukuaji wa bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1952 walitoa taarifa kuwa spermini ina uwezo huo. Matokeo hayo yangeweza kuishia hapo, na spermini ingebaki katika vitabu kama dutu inayodhuru bakteria. Hirsch hakuridhika, kwa kuwa nguvu ya spermini ilitegemea kuwapo kwa sehemu ya protini za damu ya ng'ombe katika mchanganyiko wa kuoteshea. Mwaka 1953 alichapisha makala mawili. La kwanza lilieleza kwamba kimeng'enya ni mshiriki wa lazima katika kuzuia ukuaji wa bakteria. La pili lilieleza kimeng'enya chenyewe, na kukiita spermini oksidesi. Mwaka uliofuata, Tabor na wenzake walitoa taarifa ya kukitakasa kutoka katika utegili wa ng'ombe. Hermann Blaschko na wenzake huko Oxford walilinganisha damu ya wanyama mbalimbali na kuonyesha kuwa uwezo huu ni sifa ya wanyama wanaocheua. Utegili wa farasi na wa binadamu hauna uwezo huo kwa kiwango kile.

Kazi ya kimeng'enya hiki, ambacho ndani yake mna shaba, inaweza kuelezwa kwa hatua. Kwanza, hukamata kikundi cha amini kilicho mwishoni mwa mnyororo wa spermini au spermidini. Pili, kwa kutumia oksijeni na maji, hukiondoa kikundi hicho. Tatu, hubaki mazao matatu: amonia, peroksidi ya hidrojeni, na aldehaidi yenye amini. Nne, aldehaidi hiyo haitulii. Huvunjika yenyewe, bila kuhitaji kimeng'enya kingine, na kutoa akrolini. Akrolini ndiyo inayowasha macho na koo mafuta ya kupikia yanapoungua jikoni.

Mambo mawili yanafuata kutoka katika maelezo haya. Mosi, spermini ni malighafi tu. Bila kimeng'enya haizai sumu hiyo. Pili, kimeng'enya peke yake nacho hakiui. Sumu huzaliwa vinapokutana, na hudumu kwa kadiri malighafi, kimeng'enya na oksijeni vinavyoendelea kuwapo.

4.0 Seli zilizooteshwa na shahidi asiyeulizwa

Katika miaka ya 1950 uoteshaji wa seli za binadamu na wanyama ulienea katika maabara nyingi. Seli hizo zililishwa mchanganyiko wa chumvi, sukari, asidi za amino na vitamini, na juu yake ikaongezwa seramu, mara nyingi ya ndama au ya kijusi cha ng'ombe. Seramu ilihesabiwa kuwa chakula. Haikuorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyojaribiwa.

Mwaka 1961 Alarcon, Foley na Modest, waliokuwa wakichunguza saratani huko Boston, walitoa taarifa ya athari za spermini kwa seli za mamalia. Seli zilikufa. Mwaka 1962 Halevy, Fuchs na Mager nao walieleza sumu ya spermini kwa seli zinazooteshwa. Kisha, mwaka 1964, Alarcon alitenga akrolini kutoka katika mchanganyiko wa spermini na seramu ya ndama. Kwa ugunduzi huo, jambo ambalo Hirsch alikuwa ameligundua kwa bakteria lilithibitika pia kwa seli za wanyama: seramu haikuwa shahidi aliyesimama kando akitazama. Ilikuwa mshiriki wa tendo.

Uharibifu wenyewe hufuata njia mbili. Akrolini hushikamana na sehemu za protini zenye salfa, yaani sisteini, na pia lisini na histidini. Hivyo huharibu vimeng'enya na protini za muundo wa seli. Humaliza glutathioni, ambayo ni akiba ya seli ya kujikinga dhidi ya sumu, na huweza kushikamana na DNA. Peroksidi ya hidrojeni kwa upande wake hupenya utando wa seli, na inapokutana na madini ya chuma huzalisha radikali kali zinazokata DNA na kuunguza mafuta ya utando. Seli iliyopoteza glutathioni kwa sababu ya akrolini huwa dhaifu zaidi mbele ya peroksidi. Njia hizo mbili husaidiana.

Ni ipi kati ya hizo iliyo kuu? Swali hilo liliwashughulisha watafiti kwa miongo minne, na namna walivyolijibu ni somo zuri la mbinu. Kila mtuhumiwa aliondolewa kwa zamu. Mwaka 1978 Gahl na Pitot walionyesha kuwa aminoguanidini, inayokizuia kimeng'enya cha seramu, iliziwezesha seli za binadamu kuendelea kuongezeka ingawa spermini na spermidini zilikuwapo. Katalesi iliongezwa ili kuvunja peroksidi. Aldehaidi dehidrojenesi iliongezwa ili kuondoa aldehaidi. Mwaka 2001 Sharmin, Igarashi na wenzao nchini Japani, kwa kutumia seli za saratani ya panya, walihitimisha kuwa akrolini ndiyo yenye mchango mkubwa zaidi katika hali hiyo.

Mwaka huohuo maabara ya Robert Casero huko Baltimore ilieleza kimeng'enya cha binadamu kinachooksidisha spermini ndani ya seli yenyewe. Kimeng'enya hicho hakifanani na kile cha utegili wa ng'ombe: hukata mnyororo katikati badala ya mwishoni, na kiini chake si shaba. Hata hivyo, nacho huzalisha peroksidi na aldehaidi. Ugunduzi huo uliondoa dhana kwamba jambo lote lilikuwa kosa la maabara tu. Uoksidishaji wa poliamini ni tukio la mwili pia, na mwili huutawala kwa vizuizi vyake.

5.0 Nairobi: vimelea, ng'ombe na nyati

Sehemu ya historia hii iliyo karibu nasi iko Kabete, Nairobi, katika Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Wanyama, ILRAD, iliyoanzishwa mwaka 1973 na ambayo katika miaka ya 1990 iliunganishwa na kituo cha Addis Ababa kuunda ILRI. Mwaka 1977 Hiroyuki Hirumi na wenzake wa maabara hiyo walitoa taarifa katika jarida la Science kwamba wamefaulu kuotesha tripanosoma wa aina inayoishi katika damu, wakiwa bado na uwezo wa kuambukiza wanyama. Kwa kazi hiyo walitumia seli zilizotoka kwa ng'ombe. Hadi wakati huo vimelea hao walipatikana hasa kwa kuambukiza wanyama wa maabara.

Mwaka 1982 Ferrante, Allison na Hirumi walichapisha utafiti kuhusu kuuawa kwa tripanosoma wa Afrika kwa njia ya poliamini oksidesi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kujulikana kwa kuonyesha uhusiano wa selimundu na kinga dhidi ya malaria, alikuwa amewahi kuiongoza ILRAD. Matokeo yalikuwa na pande mbili. Kwa anayetafuta kinga, yalipendekeza kuwa kimeng'enya cha damu kinaweza kuwa silaha ya asili dhidi ya vimelea. Kwa anayeotesha vimelea, yalikuwa onyo kwamba chakula anachowapa kinaweza kuwaua.

Hapa ndipo jina la "sumu" linapoyumba kabisa. Tripanosoma anahitaji spermidini ili aishi. Mwaka 1985 Alan Fairlamb na wenzake walibaini tripanothioni, ambayo ni muungano wa spermidini moja na glutathioni mbili; ndiyo ngao ya kimelea dhidi ya peroksidi, kwa kuwa hana mfumo wa kujikinga kama wetu. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1980, Cyrus Bacchi na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba eflornithine, inayozuia utengenezaji wa poliamini, huponya panya walioambukizwa. Dawa hiyo ilisajiliwa Marekani mwaka 1990 kwa malale ya aina ya gambiense, ikawa mbadala wa dawa za aseniki zilizorithi njia ya Atoxyl. Kwa hiyo poliamini ileile ni chakula cha kimelea, ni malighafi ya ngao yake, na, ikikutana na kimeng'enya cha ng'ombe nje ya mwili wake, ni chanzo cha kifo chake.

Uchunguzi wa nyati uliofuata unatoa ulinganisho unaofaa. Nyati wa Afrika huishi na tripanosoma bila kuugua kama ng'ombe wa kigeni. Mwaka 1994 Reduth na wenzake walieleza kuwa seramu ya nyati ina protini inayoua tripanosoma. Mwaka 1997 Muranjan na wenzake wakaitambua kuwa ni zanthini oksidesi. Hiki si kimeng'enya cha poliamini, bali huoksidisha purini. Lakini silaha ni ileile, peroksidi ya hidrojeni, na katalesi ilipoongezwa uuaji ulizuiwa. Laiti watafiti wangeishia kusema "seramu ya nyati ni sumu kwa tripanosoma", tusingejua ni nini kinachofaa kutafutwa kwa ng'ombe wetu.

6.0 Funzo kwa istilahi za Kiswahili

Kiswahili hutumia neno "sumu" kwa mapana. Nyoka ana sumu, dawa ya panya ni sumu, na chakula kilichoharibika huwa sumu. Kirundi, lugha ya wengi wa wanafunzi wetu hapa Bujumbura, hutenganisha: ubumara ni sumu iliyomo katika kitu, kama ya nyoka, ilhali uburozi ni sumu inayotokana na tendo la mtu anayemdhuru mwenzake, na hubeba pia maana ya uchawi. Mwanafunzi Mrundi anaposoma "sumu ya spermini" kwa Kiswahili huchagua moja ya maana hizo bila kujua, na zote mbili si sahihi. Sumu hii haimo katika spermini, wala hakuna aliyeitia. Imezaliwa katika mmenyuko.

Kwa msingi huo napendekeza kanuni tatu. Kwanza, neno "sumu" lisiwe kichwa cha istilahi isipokuwa dutu yenyewe inadhuru bila kubadilishwa. Badala ya "sumu ya spermini" au "sumu ya poliamini", tuseme "mazao-sumu ya uoksidishaji wa poliamini". Istilahi hii ni ndefu, lakini urefu wake unabeba mfuatano wa matukio: kuna malighafi, kuna mmenyuko, kuna mazao. Pili, kidahizo cha kimeng'enya chochote kitaje mambo matatu: kinatenda juu ya nini, kinazalisha nini, na kinapatikana wapi. Amini oksidesi ya utegili wa ng'ombe na spermini oksidesi ya seli za binadamu zisipotenganishwa, msomaji wa makala ya mwaka 1953 atadhani anasoma kuhusu kimeng'enya kilichoelezwa mwaka 2001, kwa kuwa jina moja limetumika kwa vyote viwili.

Tatu, vifaa vya maabara vitajwe kwa ukamilifu. Katika mazungumzo ya maabara, "seramu ya ndama" hutumika kwa seramu ya ndama aliyezaliwa na pia kwa ile ya kijusi. Wanaosoma kwa Kifaransa hutenganisha hizo mbili kwa sababu vitabu vyao huzitenganisha. Napendekeza "seramu ya ndama" na "seramu ya kijusi cha ng'ombe" zihifadhiwe kama istilahi mbili, na "seramu ya farasi" iwe ya tatu. Tofauti hii ina matokeo, maana kubadilisha seramu kunaweza kubadilisha hukumu ya jaribio zima.

Washauri wa sera wanaweza kuuliza faida ya ukali huu. Jibu limo katika utafiti wa mimea tiba, ambao vyuo vya kanda yetu vinaufanya kwa bidii. Dondoo la mmea lenye poliamini, likiwekwa juu ya seli za saratani zinazolishwa seramu ya ng'ombe, linaweza kuziua kwa njia iliyoelezwa hapa. Ripoti itasema mmea unaua saratani. Mgonjwa, ambaye damu yake haina kimeng'enya cha ng'ombe, hatapata faida hiyo. Jaribio la kulinganisha lenye aminoguanidini, au seramu ya aina nyingine, huondoa shaka kwa gharama ndogo. Lakini kamati inayosoma ripoti kwa Kiswahili haiwezi kuuliza kama jaribio hilo lilifanyika ikiwa lugha ya ripoti haina nafasi ya swali hilo.

7.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa ni ya watu waliokataa kuridhika na jina. Hirsch angeweza kuiacha spermini ikiwa dutu inayodhuru bakteria. Alarcon angeweza kuiacha ikiwa sumu ya seli. Kila mmoja alirudi kwenye mchanganyiko na kuuliza kuna nini kingine humo. Watafiti wa Nairobi walifanya vivyo hivyo kwa damu ya ng'ombe na ya nyati. Kwa upande mwingine, Atoxyl ilibaki na jina lake la "isiyo sumu" hata baada ya watu kupofuka.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vyuo vikuu na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama wana nafasi ya kuweka utaratibu ambao istilahi za biokemia zitapitiwa kwa pamoja na mwanaisimu, mtu wa maabara, na msemaji wa lugha jirani kama Kirundi. Mwanaisimu atachunguza umbo, mtu wa maabara atachunguza mmenyuko, na msemaji wa lugha jirani ataeleza neno linasikikaje kwa asiyelizaliwa nalo. Istilahi iliyopita katika mikono hiyo mitatu itamwambia msomaji sumu ni ipi, na pia imetoka wapi.